Mahali pa Jina

Hosteli ya Masista,
Dar es Salaam,
24 Julai 1995

Guku wangu mpendwa,

Mwangaluka! Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na bibi Ng'washi bado anakuvumilia. Mimi sijambo, ila joto la huku linaninyima usingizi na maji tunagawiwa ndoo moja kwa siku. Treni ilinichukua salama, na ile mihogo mliyonifungia iliisha kabla ya Dodoma.

Pale stesheni ya Malampaka uliniuliza nakwenda kufanya nini hasa, nami nikakujibu "kazi ya muziki" kwa sababu filimbi ilikuwa imeshapigwa. Sasa nikueleze vizuri. Unamkumbuka yule bwana Selestini aliyekuja Shinyanga kwenye mashindano ya kwaya, akanisikia nikipiga kinanda? Ana studio yake hapa. Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa kufungua, na redio mpya za watu binafsi zinatafuta muziki kila siku. Ana piano ya kweli, aliinunua kwa familia iliyohamia Kanada. Anataka kaseti ya piano peke yake, mtu mmoja, bila kwaya na bila gitaa. Anasema amechoka na kaseti zinazofanana.

Na nitapiga nini? Si nyimbo za kanisani, Guku. Nitapiga nyimbo zako za kulimia! Nimechagua nane. Ipo ile ya kufungulia shamba, ile ya mvua iliyochelewa, ile ya kumcheka mvivu, na ya mwisho ni ile unayoiimba jioni zizini ukikamua. Zote nimezipanga kwa vidole kumi, bila maneno. Shule imenipa likizo bila malipo mpaka mwisho wa Septemba, na studio ninayo mpaka tarehe kumi na sita ya mwezi huo. Siku moja utafungua redio hapo Sapiwi ujisikie mwenyewe.

Msalimie bibi. Mwambie sijasahau kula.

Mjukuu wako,
Klementina


Sapiwi,
5 Agosti 1995

Kwa mke wangu mdogo Klementina,

Mhola huko? Huku mhola duhu, salama tu. Bibi yako ni mzima na anasema usinenepe sana kwa wali wa Dar, atakosa mtu wa kumtuma. Goti langu linauma asubuhi na kupona mchana. Ng'ombe wote wazima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mkono uliofundishwa kuandika nikiwa na miaka hamsini na moja katika kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usicheke.

Ya kwako nimeisoma. Nilipofika kwenye hizo nyimbo niliiweka chini nikatoka nje.

Jambo la kwanza. Katika hizo nane, saba ni zangu. Huo wa zizini si wangu. Ni wa Masele. Masele huyu huyu wa ng'ambo ya mto, manju anayewaimbisha kikundi cha Bagalu, ambaye sijasalimiana naye tangu mwaka 1973, kikundi chake na chetu cha Bagika tuliposhindana kulima, tukawashinda, akasema tumewatilia dawa. Wewe unataka kwenda kupiga wimbo wake Dar na kusema ni wa babu yako? Akisikia atakuja hapa na fimbo, na safari hii atakuwa na haki.

Jambo la pili ni zito zaidi. Umekaa kanisani mno, umesahau shambani. Manju hana hati wala muhuri. Alama yake ni jina lake, analolitaja katikati ya wimbo. Majembe yote yako juu, watu arobaini wamenyamaza, nami naita: Mayige ng'wana Luhende! Mwana wa Luhende ndiye anayewalimisha leo! Ndipo majembe yanashuka kwa pamoja. Hivyo ndivyo watu wa Maswa mpaka Magu walivyojua wimbo ni wa nani. Sasa wewe unasema utapiga bila maneno. Ukiondoa maneno umeniondoa mimi. Kesho mtu atausikia kwenye redio atasema ni wimbo wa Klementina, au wa Wazungu, au hauna mwenyewe.

Siku hizi wanasema kila kitu ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba ruksa, redio za watu binafsi ruksa. Nyimbo zangu si ruksa. Usizipige.

Nakupenda, ndiyo maana nimetumia karatasi mbili.

Guku wako,
Mayige


Dar es Salaam,
14 Agosti 1995

Guku,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, mara ya tatu nikaona una haki. Nilipaswa kuja kupiga magoti na kuomba kabla sijapanda treni. Nilidhani kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, vyako ni vyangu. Nisamehe kwa hilo.

Lakini la Masele usinilaumu! Tangu nina miaka saba nakusikia ukiuimba huo wimbo zizini, kila jioni ya Mungu, kwa raha kuliko unavyoimba zako. Ningejuaje kuwa ni wa adui yako? Wewe ndiye ueleze ulikuwa unafanya nini nao.

Hapa mambo ni magumu. Umeme ni wa mgao, leo tunao asubuhi, kesho hakuna. Piano ni nzuri mpaka inaniaibisha. Ile ya parokia ya Bariadi ina sauti mbili zisizotoka tangu panya walipoitafuna ndani, na vidole vyangu vimezoea kuziruka. Sasa hata hapa vinaruka vibonyezo vizima. Selestini aliniuliza kama nina kidole kinachouma. Nimekaa siku nne nikivifundisha vidole vyangu kukanyaga mahali vilipokuwa vikipakwepa siku zote.

Na Selestini mwenyewe ameanza kuyumba. Juzi alileta kinanda cha umeme chenye ngoma za kubonyeza, akasema tuweke chini yake kidogo ili kaseti iuzike, halafu tumtafute binti wa kuimba. Nikamwambia hapana. Akasema, "Dada, piano peke yake watu watasinzia." Nikamwambia wacha wasinzie. Amecheka, lakini najua atarudia.

Hata wewe ukiniambia niimbe, siwezi. Sauti ya manju sina, unajua ulivyokuwa unanifukuza nisiharibu wimbo. Nilichonacho ni mikono hii. Nakuomba hivi: jina lako liandikwe kwenye karatasi ya kaseti, kwa herufi kubwa, juu ya jina langu. Mpaka unijibu sirekodi hata wimbo mmoja. Nafanya mazoezi tu, mlango umefungwa na mashine imezimwa. Sitarekodi bila ruhusa yako, na sitaki kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo ujue umenining'iniza.

Mjukuu wako mkaidi,
Klementina


Sapiwi,
23 Agosti 1995

Kwa Klementina mkaidi,

Wabeja kwa barua. Sisi wazima. Pamba tumeipeleka yote kituoni, imebaki kuisubiri mvua. Bibi yako anasema ukaidi huo umetoka upande wangu na kwamba mimi ndiye wa kuufuga.

Kwanza nijibu la Masele, kwa sababu umenivua nguo hadharani. Ni kweli naimba wimbo wake zizini. Mwaka ule wa mashindano alipouimba mara ya kwanza, mimi nilikuwa safu ya upande wa pili, nikasahau kushusha jembe. Ni wimbo mzuri kuliko wangu wowote. Ningemwambia nani? Kwa hiyo nimekuwa nikiuimba kwa ng'ombe, wao hawasemi. Na nikifika penye jina lake nilikuwa naguna. Ndiyo maana wewe hukujua ni wa nani.

Nikakaa nikawaza: ama nimkatalie mjukuu wangu na hilo nalo, ama niende. Jumapili nilivuka mto. Hauna maji sasa, ni mchanga mtupu, goti likanilaani njia nzima. Nilimkuta Masele amekaa anapukuchua mahindi kwa mkono. Naye amezeeka, nilifurahi kidogo kuliona hilo. Hakuninyanyukia.

"Mayige. Umekosea njia?"

"Nimekuja kuomba wimbo."

"Wimbo gani?"

Nikamwambia.

"Wewe umeujuaje mpaka mwisho?"

"Naimba zizini."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoutunga."

Klementina, alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja mbio na maji. Alipotulia akaniuliza, "Na pale penye jina langu?" Nikasema naguna. Halafu akasema, "Basi mwambie huyo mtoto apige. Lakini pale unapoguna wewe, yeye asigune." Akanipa kiti. Tumekula ugali na maziwa ya mgando, la dawa hatukuligusa, nikaondoka jua likiwa limepoa.

Kwa hiyo wimbo wa Masele unao. Yeye ni mtu wa haraka, siku zote alikuwa hivyo.

Zangu saba, bado nimekataa. Jina kwenye karatasi silitaki. Karatasi ni ya mnunuzi, itachanika, mchwa watakula, kaseti itabaki inaimba bila mwenyewe. Jina langu nililiweka ndani ya wimbo ili lisitoke. Kikundi chetu kilikuwa watu arobaini, sasa tumebaki wanne na mmoja haoni. Vijana wanalima kwa plau ya ng'ombe, na ng'ombe hawahitaji manju. Nikifa, hizo nyimbo ndizo zitakazosema kuwa nilikuwepo. Usinitoe humo.

Ukipata namna ya kuniweka ndani bila kuimba, niambie. Mimi sijaiona.

Guku wako,
Mayige


Dar es Salaam,
1 Septemba 1995

Guku wangu,

Shikamoo, na umpe Masele shikamoo yangu. Habari za goti? Mimi ni mzima, nina malengelenge mikononi, na utaelewa sasa hivi yametoka wapi.

Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano tulijaribu wimbo wa Masele. Nilipiga mara tisa. Selestini ni mpole lakini hakunificha: "Dada, kila noti ipo, lakini unakimbia. Kama mtu anayechelewa basi." Nilisikiliza kaseti nikamwona ana haki. Na pale unapoguna, Guku, mimi nilikuwa nimepapamba. Nimepajaza noti nyingi nzuri za kanisani, kwa sababu tangu utoto nilijua pale pana kitu kisichosikika vizuri, nikadhani ni kazi yangu kupafunika.

Umeme ukakatika. Nyuma ya studio mke wa mlinzi ana bustani ya mchicha, na kipande kimoja kilikuwa hakijalimwa. Nikamwomba jembe. Alidhani nina homa. Nikavua viatu, nikalima, nikiimba wimbo wa Masele kwa sauti yangu hii mbaya. Miaka mingi sijashika jembe. Mwanzoni niliona ule mwendo ninaoupiga kwenye piano hakuna mtu anayeweza kuulima, angekufa kabla ya mwisho wa tuta. Nikapunguza mpaka jembe lenyewe likanikubali. Na nilipofika penye jina, mikono yangu ilisimama juu. Sikuiamuru. Ilibaki juu na jembe, kimya, nikisubiri mtu aitwe.

Nilitupa jembe nikaingia ndani na udongo wangu. Umeme uliporudi nikapiga. Nikafika pale nikainua mikono yote miwili, nikaacha. Hakuna noti. Nikangoja pumzi nne, ndipo nikashusha mikono pamoja kwa nguvu.

Selestini akasema, "Mbona umesimama?"

Nikamwambia, "Sijasimama. Mtu anatajwa jina."

Hakupenda. Anasema watu wa redio watadhani mitambo imekufa, na msikilizaji atapiga kaseti yake kofi. Anataka kuzikata hizo nafasi na kuunganisha. Tumegombana siku mbili. Nimemwambia kaseti itatoka na nafasi zake, au nitapanda treni na vidole vyangu. Mwishowe akarusha mikono akasema fanya utakavyo.

Wimbo wa Masele umerekodiwa, leo saa nne asubuhi, mara moja tu.

Sasa zako. Nimezipanga upya zote saba. Katika kila mmoja, mahali pa jina lako pako wazi. Sijaweka noti, sijaweka kitu. Anayekujua atalitaja mwenyewe. Asiyekujua atauliza kwa nini pamenyamaza, na hapo ataambiwa. Hii ndiyo namna niliyoiona, na nakuambia kweli sijui kama inatosha. Wewe ndiye mwenye kujua.

Studio ni yangu mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Ukikataa nitarudi na wimbo mmoja wa Masele, na zako sitazipiga popote, hata parokiani nikiwa peke yangu. Lakini sitaki ukatae. Nimezitaka hizi nyimbo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nakuomba kwa magoti ambayo nilipaswa kuyapiga Julai.

Mjukuu wako,
Klementina


TELEGRAMU
Posta Bariadi, 13 Septemba 1995

KLEMENTINA HOSTELI YA MASISTA DAR ES SALAAM
PIGA. NGOJA PUMZI TATU SI NNE. GUKU


Dar es Salaam,
17 Septemba 1995

Guku wangu, mume wangu mkorofi,

Shikamoo mara saba, moja kwa kila wimbo.

Telegramu ililetwa Ijumaa mchana, sista alikuja mbio akidhani ni msiba. Nilipoisoma nilipiga kelele mpaka wakatoka wote vyumbani. Umetembea na goti hilo mpaka Bariadi posta kunirekebisha pumzi moja! Na ulikuwa na haki. Kwa nne wimbo unapoa. Kwa tatu majembe bado ni mazito juu.

Nilirekodi tano siku hiyo hiyo mpaka umeme ulipokatika, na mbili jana asubuhi, pamoja na ule wa Masele niliourudia kwa pumzi tatu. Ule wa mvua iliyochelewa niliurudia mara sita kwa sababu nilikuwa nalia, na machozi yanafanya vibonyezo viteleze. Selestini alikaa nyuma ya kioo na mashine zake. Tulipomaliza akaniuliza, "Huyo anayetajwa anaitwa nani?" Nikamwambia. Akaandika kwenye karatasi yake. Hata hivyo simwamini. Kesho anaanza kunakili kaseti, nami sitoki pale mpaka ya mwisho imetoka, maana nikigeuza kisogo atakumbuka watu wa redio na kuchukua mkasi.

Ya kwanza kabisa, aliyoninakilia jana, nakutumia wewe. Nimempa mama mmoja wa Maswa anayeshuka Malampaka, ameapa kumkabidhi katekista mkononi. Isikilize na uniambie ukweli. Kama ni mbaya useme ni mbaya.

Mjukuu wako,
Klementina


Sapiwi,
4 Oktoba 1995

Kwa Klementina, manju asiye na sauti,

Ng'wadila. Sisi wazima wote, natumaini nawe hujambo. Huenda barua hii mkapishana njiani, lakini naiandika leo kwa sababu kesho nitakuwa nimeanza kuongeza chumvi.

Kaseti ilifika Jumamosi. Mimi sina mashine ya kuichezea, na ya katekista imeharibika. Mwenye redio kaseti nzima ni karani wa yule mnunuzi binafsi wa pamba, pale kituoni. Nikatuma mtu kumwita Masele, kwa sababu wimbo wake umo, si vizuri kuusikiliza mgongoni kwake. Akaja na mkewe. Bibi yako naye akavaa kitenge cha Pasaka. Kituoni palikuwa na watu wa pamba ya mwisho, kama ishirini, wengi vijana, wakawa wanabishana habari za uchaguzi.

Karani akaweka. Ukaanza wa kufungulia shamba. Nakuambia ukweli kama ulivyoomba: mwanzoni sikuupenda. Ile sauti ni safi mno, haina jasho. Vijana waliendelea na uchaguzi wao. Lakini mwendo ulikuwa ndio, mwendo wa kulima kabisa, nikaona mguu wa Masele umeanza kupiga chini. Na wangu.

Ukafika penye jina. Ukanyamaza.

Karani akanyoosha mkono kuipiga redio, akidhani betri. Nilifungua mdomo nijitaje, na kabla sijatoa sauti Masele alisimama. Mzee yule, Klementina, mwenye kifua kile kibovu. Akaita kama yuko mbele ya watu arobaini: "Mayige ng'wana Luhende!" Kituo kizima kikageuka. Halafu mikono yako ikashuka.

Wimbo wa pili aliita tena. Wa tatu vijana wawili wakaita pamoja naye, hata hawanijui vizuri. Wa saba waliita wote, na karani, na mama mmoja muuza maandazi. Bibi yako alikuwa anajifuta macho kwa kitenge cha Pasaka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la pamba, siwezi kukuambia nilivyojisikia, mkono wangu haujafundishwa maneno hayo. Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Ukaja wa nane, wake. Nilijiandaa. Nilijua ni zamu yangu kumrudishia. Ukafika mahali pake ukanyamaza. Pumzi tatu zikapita bila jina, majembe yakashuka. Miaka ishirini na miwili nimeguna pale, na siku niliyotakiwa kusema sikutoa hata mguno.

Nikainamisha kichwa. Masele hakukasirika. Akamgeukia karani akamwambia, "Rudisha nyuma. Huyu ni mgonjwa wa goti, anachelewa."

Karani akarudisha. Tukangoja. Ulipofika pale nikalitaja, lote, Masele ng'wana Shigela, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Wanasema nilisikika mpaka kisimani.

Betri za karani zimekwisha, anadai nimnunulie nyingine. Rudi nyumbani sasa, watoto wa shule wanakuuliza na piano ya parokia inaliwa.

Guku wako,
Mayige ng'wana Luhende